Duka la gemu likivaa sura mpya: maneno ya kijiweni na ukweli wake

"Fundi, gemu zangu zimeliwa." Ndivyo alivyoniingilia kijana mmoja wa UDOM, salamu hakuna, laptopu kaikumbatia kifuani. Nikaifungua. Duka analonunulia lilikuwa limebadilisha muonekano usiku ule: rangi nyingine, menyu imehamia pembeni, kitufe cha maktaba kimejificha nyuma ya picha yake. Nikabofya. Gemu zote zilikuwepo, hata zile alizopata bure na hajawahi kuzigusa. Akacheka, akaagiza soda kwa jirani, akaondoka na deni la soda.

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta na simu hapa Majengo, Dodoma. Kwa kuwa kwenye mashine yangu kuna gemu mbili tatu, watu wananichukulia kama wakala wa maduka yote ya gemu duniani. Duka likibadilisha sura au likiongeza njia ya kulipa, kesi inaletwa kwangu. Na karibu kila kesi ina mzizi mmoja: mtu anadhani nyuma ya kioo yupo muuzaji mmoja. Wapo watatu. Lipo duka, ipo kampuni inayopokea malipo kwa niaba ya duka, na ipo benki au kampuni ya simu iliyokupa kadi. Kabla ya kulaumu, uliza kwanza kitu kilichokwama kiko mkononi mwa nani kati ya hao.

"Sura ikibadilika, vitu vyako vinafutika"

Havifutiki. Ulichonunua kimeandikwa kwenye akaunti yako, na akaunti inakaa kwenye seva za duka. Ukurasa unaouona ni kaunta tu: wataipaka rangi, wataigeuza upande wa dirishani, stoo inabaki pale pale.

Kinachoweza kupotea ni kadi uliyoihifadhi. Kwa kawaida duka halikai na namba nzima ya kadi yako. Inatunzwa na kampuni ya malipo, na duka linapewa namba mbadala iitwayo tokeni (si ile ya LUKU) ambayo ina maana kati ya hao wawili peke yao. Duka likihamia kampuni nyingine ya malipo, tokeni za zamani zinaweza zisihame nalo, ndiyo maana siku ya pili unaambiwa uandike kadi upya. Hapo hakuna aliyeibiwa.

Ila hapo hapo ndipo tapeli anapokaa. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeizoea hadi tunaifanyia utani. Toleo lake la gemu halichekeshi sana: barua pepe yenye nembo safi, Kiingereza kilichonyooka, "tumeboresha duka, thibitisha kadi yako ndani ya saa 24", na kiungo cha bluu chini yake. Ukibofya unakuta ukurasa unaofanana na duka jipya kabisa, na kwa kuwa duka lenyewe limebadilika jana, huna hata cha kulinganisha nacho. Ipo na ile ya rafiki, ambaye akaunti yake imeshaibiwa, anakuomba uipigie kura timu yake ya gemu. Unaingia na nenosiri lako, na wewe unakuwa rafiki wa kuwaibia wengine.

Dawa yangu ni ya kishamba. Sibofyi kiungo chochote. Nafungua programu ya duka mwenyewe, au naandika anwani kwa mkono. Kama kadi kweli inatakiwa upya, nitaombwa humo wakati wa kulipa. Na namba ya siri ya pesa ya simu, iwe M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa, haiandikwi kwenye tovuti ya duka. Inaandikwa kwenye simu yako, ndani ya menyu au programu ya mtandao wako, basi.

"Bila kadi ya benki hununui"

Hii ilikuwa kweli wakati tulipokuwa tunamwomba mjomba aliyeko Dar atulipie. Siku hizi kampuni za simu zinatoa kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard inayochota kwenye akaunti yako ya pesa ya simu. Plastiki haipo, unapewa namba 16, tarehe ya mwisho na tarakimu 3 za usalama. Duka likiipokea haliulizi kama nyuma yake kuna akaunti ya mkurugenzi wa Mtumba au laini ya mwanafunzi wa Ng'hong'hona.

Mimi naipenda kuliko ya benki kwa sababu naijaza kiasi cha gemu ninayoitaka tu. Mwizi akiipata namba, atakuta salio la kununulia mahindi ya kuchoma. Lakini usiijaze sawasawa na bei hadi shilingi ya mwisho. Maduka mengi, unapoandika kadi mara ya kwanza, hushikilia kiasi kidogo kuona kama kadi iko hai, kisha hukiachia. Kama huna cha ziada, kadi inakataliwa na unaanza kulaani duka. Jambo jingine linalowakwamisha watu ni kisanduku cha postikodi: wengi wanaandika sifuri tano. Tanzania ina postikodi, za Dodoma zinaanza na 41, na kila kata ina yake. Itafute ya kwako uiweke.

Halafu kuna suala la nembo. Kijana anaona duka la nje limeweka M-Pesa kwenye njia za malipo, anakuja mbio na simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 chini ya Safaricom, ikaja kwetu 2008 chini ya Vodacom, na hizo ni huduma mbili zenye leseni, sarafu na mikataba tofauti. Duka lililofunga mkataba wa Kenya linapokea shilingi ya Kenya, na laini yako ya Dodoma halina habari nayo. Kabla ya kushangilia, badilisha nchi kwenye ukurasa wa malipo iwe Tanzania, uone kama nembo bado ipo.

"Bei ninayoiona ndiyo nitakayokatwa"

Hapa ndipo ugomvi mwingi wa kibandani unapoanzia, na mara nyingi hesabu ya mteja ni sahihi kwa kile alichokiona. Steam, ambalo ndilo duka kubwa la gemu za kompyuta, haina bei kwa shilingi ya Tanzania. Mtu wa Dodoma anaonyeshwa dola. Kuibadilisha dola hiyo kuwa shilingi ni kazi ya mtandao wa kadi (Visa au Mastercard) na aliyekupa kadi, na wa pili huyo ana kawaida ya kuongeza chake juu.

Tuseme siku hiyo dola moja ni shilingi 2,600. Gemu ya dola 10 unaipigia hesabu ya 26,000. Aliyekupa kadi akiongeza asilimia 3, inakuwa 26,780. Na kama duka linaongeza kodi mwisho wa safari, VAT kwa kiwango cha kawaida cha Bara, asilimia 18, inaifikisha dola 11.80, na kwa kiwango kile kile utakatwa karibu 31,600. Zaidi ya elfu tano juu ya ulichotarajia, na hakuna aliyekudanganya. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka utaratibu rahisi wa kuwasajili wauzaji wa nje wa huduma za kielektroniki ili walipe VAT hapa. Wengine wameifumba kodi ndani ya bei, wengine wanaiweka mstari wa mwisho. Kwa hiyo usisome bei iliyo chini ya picha ya gemu. Soma jumla iliyo juu ya kitufe cha kulipa. Ukikuta duka linakupa jumla kwa shilingi lenyewe, linganisha kwanza, maana kiwango wanachotumia wamekichagua wao.

Jirani yangu muuza vipuri ananihakikishia kwamba tangu Machi 2025 kununua kwa dola ni kosa, na kwamba siku moja watakuja kunibeba. Kanuni zile za fedha za kigeni zinahusu bidhaa na huduma zinazouzwa hapa nchini, kama mwenye nyumba wa Area C anayetaka kodi kwa dola. Duka la Marekani linaloandika bei zake kwa dola haliguswi nazo. Jirani bado hajakubali.

"Weka VPN, ulipe bei ya Uturuki"

Ushauri wa kizee huu. Novemba 2023 Steam iliacha kutumia lira ya Uturuki na peso ya Argentina, nchi zote mbili zikahamia bei za dola. Zaidi ya hapo, nchi ya akaunti inafuata njia yako ya malipo, huruhusiwi kuibadilisha zaidi ya mara moja kila miezi mitatu, na kuficha mahali ulipo kwa VPN ili upate bei nyingine ni kuvunja masharti. Akaunti yenye gemu za miaka mitano unaiweka rehani kwa dola nne? Mimi siwezi.

"Wanatubania tu, wangeweka kila njia ya malipo"

Steam ilijaribu Bitcoin, sarafu ya kidijitali, kuanzia Aprili 2016. Desemba 2017 ikaiacha: gharama ya muamala mmoja ilikuwa imefika karibu dola 20, na thamani ilikuwa ikiyumba mteja akiwa bado yuko kaunta. Unanunua gemu ya dola 10 kwa nauli ya dola 20. Kwetu hapa, Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu za namna hiyo hazitambuliki kisheria, kwa hiyo ukitapeliwa humo usitegemee sana wa kumkimbilia.

Na yule wa katikati, kampuni ya malipo, ana sauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Julai 2025 Steam iliondoa baadhi ya gemu za watu wazima, na itch.io, duka jingine la gemu, ikaficha za kwake nyingi zisionekane kwenye utafutaji, baada ya shinikizo la kampuni za malipo. Wenye duka walikuwa wameziuza kwa muda mrefu bila tatizo. Mwenye njia ya pesa alipokunja uso, bidhaa zikashuka kwenye rafu.

"Nikinunua ni yangu milele"

Unanunua leseni ya kuitumia. The Crew, gemu ya kampuni ya Ubisoft isiyochezeka bila seva zake, ilizimwa seva tarehe 31 Machi 2024, na waliokuwa wameilipia wakabaki na jina lake kwenye maktaba. Tangu Oktoba 2024 Steam inalisema wazi hilo la leseni kwenye ukurasa wa kulipia, miezi michache kabla sheria ya California inayodai uwazi huo haijaanza kazi 2025. GOG, duka la Poland lililofunguliwa 2008, nalo linatoa leseni, ila linakupa faili la kusakinisha lisilo na kufuli. Unaliweka kwenye diski yako, unaondoka nalo. Za kwangu za GOG ziko droo ya chini, pamoja na chaja mbovu.

"Sura mpya inakula bando"

Hii ina ukweli wake, tusiwabeze. Muonekano wa kisasa unapenda video zinazojichezesha zenyewe, na ukikaa nusu saa ukitembeza ukurasa utaisikia kwenye bando. Zima kujichezesha kwenye mipangilio. Lakini mlaji mkuu ni gemu yenyewe na masasisho yake: kubwa za kompyuta zinapita GB 100. Steam inakuruhusu kuweka kikomo cha kasi na kupanga saa za kushusha, usiku wa manane kwa mfano.

Kilichowafurahisha zaidi vijana wa hosteli ni kitu kilichoongezwa Februari 2023, kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya mtandao mmoja wa Wi-Fi bila kuishusha tena kwenye intaneti. Mmoja anajitolea bando, wengine wananakili kwake, ilimradi kila mmoja ana leseni yake. Kabla ya hapo gemu zilikuwa zinatujia kwa basi kutoka Dar, ndani ya diski iliyofungwa kwenye soksi, kwa konda.

"Pesa imekatwa, gemu haijaja, wameniibia"

Hii ilinikuta mwenyewe. Nilibofya kulipa, mtandao ukakatika, nikabofya tena. Meseji mbili za makato, gemu moja. Benki yangu ikaniambia niwaulize wenye duka. Wenye duka wakasema wamepokea malipo mara moja, na wakanitumia risiti yake. Nilirudi benki nikiwa nimevimba, hadi dada mmoja wa dirishani akanionyesha kwenye kioo chake: muamala wa kwanza ulikuwa umeshikiliwa tu. Pesa imetengwa pembeni kwenye akaunti yangu, haijamfikia yeyote. Siku ya sita ikarudi yenyewe, bila hata meseji.

Kosa nililokaribia kulifanya ni kuupinga muamala benki siku ile ile. Ukifanya hivyo kwa pesa ya Steam, wanaweza kuifungia akaunti hadi suala limalizike, na maktaba yako nzima inakaa ndani na wewe uko nje. Anza na duka. Kwao unaweza kuomba kurudishiwa pesa ndani ya siku 14 za kununua, kama gemu hujaicheza zaidi ya saa 2. Inaweza kuchukua hadi wiki kuonekana, na ikija kwa shilingi inaweza kupungua au kuongezeka kidogo, kwa sababu dola imehama tangu siku uliyolipa. Ukienda kulalamika popote, beba namba ya muamala, saa, na kiasi kilichokatwa kama kilivyo kwenye meseji. Yule dada wa dirishani hakuniuliza kingine chochote.