Galaksi duaradufu katika kundi dogo ni nini?

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota. Galaksi duaradufu haina mikono iliyojipinda kama Njia Nyeupe, galaksi yetu. Kwenye darubini utaona bonge la nuru tu: katikati pamekolea, kisha mwanga unafifia kuelekea nje, hata usijue inaishia wapi. Mwaka 1926 mwanaastronomia Edwin Hubble alizipa galaksi hizi herufi E na tarakimu: E0 ni mviringo, E7 imebonyea sana. Tarakimu hiyo hueleza inavyoonekana kutoka huku tuliko, si umbo lake halisi. Yai nalo ukilitazama kwa nchani ni duara.

Nyota zake hazizunguki pamoja kwenye bapa moja. Kila moja ina njia yake, huku na huko. Gesi baridi ya kuzalia nyota mpya ni haba. Nyota kubwa za buluu hazidumu, kwa hiyo waliobaki ni wazee, na ndiyo maana galaksi nzima ina rangi ya manjano kuelekea wekundu.

Sasa hilo kundi dogo. Ni galaksi chache, pengine makumi kadhaa, zilizoshikwa pamoja na nguvu ya uvutano. Wengi hudhani migongano huwa mingi zaidi palipo na msongamano, yaani kwenye mafundo yenye galaksi maelfu. Lakini kinachoamua zaidi kama galaksi zitaungana ni mwendo. Ndani ya fundo, galaksi hupishana kwa kasi inayofikia kilomita 1,000 kwa sekunde, basi hupitana tu. Katika kundi dogo kasi ni mia chache, hivyo zikikaribiana hunasana, huzungukana na mwishowe huwa moja. Nyota zenyewe hazigongani, maana nafasi kati yake ni kubwa mno. Kinachovurugika ni mizunguko yake. Galaksi mbili zenye mikono huweza kuzaa duaradufu moja kwa njia hiyo.

Mfano mzuri ni galaksi duaradufu M105 katika kundinyota la Simba, takriban miaka ya nuru milioni 35 kutoka kwetu (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Mwanaastronomia Pierre Méchain aliiona mwaka 1781. Ni ya aina ya E1, karibu mviringo, na jirani zake ni M95 na M96, zote zenye mikono. Mwaka 1983 wanaastronomia wa redio waligundua pete kubwa ya gesi ya haidrojeni ikiizunguka M105 pamoja na galaksi mwenzake, NGC 3384. Upana wake ni kama miaka ya nuru 650,000, na mzunguko mmoja huichukua miaka bilioni 4 hivi.