Asidi ya keto ni nini?

Asidi ya keto ni molekuli iliyobeba makundi mawili kwa pamoja. La kwanza ni kaboksili (kaboni yenye oksijeni mbili na hidrojeni moja), lile lile linaloipa siki ukali wake. La pili ni ketoni: kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa kifungo maradufu, huku kila upande wake ikiwa na kaboni nyingine. Ukishajua hayo umejua jina tu. Tabia ya asidi hizi inatokana na umbali kati ya makundi hayo mawili, na hapo ndipo wengi hupita haraka mno.

Yakiwa jirani kabisa, hiyo ni alfa-keto. Mfano wake ni asidi piruviki: molekuli moja ya glukosi ikivunjwa ndani ya seli hutoa mbili za piruviki. Pakiwa na kaboni moja katikati ni beta-keto. Zikiwa mbili ni gama-keto, kama asidi levuliniki, ambayo hupatikana sukari ikichemshwa na asidi kali.

Beta ndiyo yenye mambo. Chukua asidi asetoasetiki, yenye kaboni nne. Ikijikunja, hidrojeni ya kaboksili husogea karibu na oksijeni ya ketoni, na atomu sita zikawa zimekaa kama duara. Ipashe moto kidogo: hidrojeni inahamia kwenye oksijeni ile, kifungo kati ya kaboni mbili kinakatika, na kaboni dioksidi inatoka ikiwa gesi. Kinachobaki hujipanga upya kuwa asetoni. Alfa haiwezi kujikunja namna hiyo; mwilini huhitaji kimeng'enya ili kuitoa gesi hiyo.

Haya hayaishii maabara. Mwenye kisukari akiishiwa insulini, ini huvunja mafuta kwa wingi na kumwaga asidi asetoasetiki katika damu. Sehemu yake huvunjika yenyewe kuwa asetoni, ndiyo maana pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ukiisikia harufu hiyo kwa mwenye kisukari anayetapika na kuhema kwa nguvu, mkimbize hospitali, usisubiri kesho.

Wakemia nao wameigeuza tabia hiyo ya beta-keto, ya kuachia kaboni dioksidi, kuwa chombo cha kazi. Robert Robinson wa Uingereza, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa utafiti wake juu ya alkaloidi, yaani kemikali za mimea zenye nitrojeni, alionyesha hilo mapema, mwaka 1917. Alitaka kuunda tropinoni, ndugu wa atropini inayotumiwa kutanua mboni ya jicho. Kabla yake, mkemia Mjerumani Richard Willstätter alikuwa ameifikia kwa hatua nyingi na ndefu. Robinson alichanganya viungo vitatu katika chombo kimoja. Kwanza alitumia asetoni tupu kama kiungo cha tatu, akapata mavuno haba. Akaibadilisha kwa asidi yenye ketoni katikati na kaboksili pande zote mbili, yaani beta-keto maradufu. Kaboksili zile zilizifanya kaboni za jirani ziwe tayari zaidi kushikana na viungo vingine. Muungano ulipokamilika, zote mbili zikatolewa kama kaboni dioksidi, na mavuno yakapanda.