Kifurushi cha programu: kwa nini LibreOffice moja hufungashwa mara nyingi

Ukisema kifurushi, wengi hufikiria bando la intaneti. Kwa watumiaji wa Linux na BSD, mifumo endeshi ya kompyuta, kifurushi ni faili lenye programu iliyokwisha kujengwa pamoja na maelezo yake: jina, toleo, mahali kila kitu kitakapokaa kwenye diski, na orodha ya programu nyingine zinazopaswa kuwepo ndipo hii ifanye kazi. Hizo nyingine ndizo vitegemezi, na ndizo zinazosumbua kuliko yote.

LibreOffice, programu ya kazi za ofisi kama kuandika nyaraka na kupiga hesabu, ni mfano mzuri kwa sababu ni kubwa. Msimbo wake ni mmoja, chini ya The Document Foundation, iliyotangazwa Septemba 2010 na watu waliojitenga na OpenOffice.org, programu iliyoitangulia, baada ya kampuni ya Oracle kuinunua Sun iliyokuwa ikiimiliki. Lakini Linux ina aina nyingi: Debian na Ubuntu hutaka vifurushi vya .deb, Fedora na openSUSE hutaka vya .rpm, na FreeBSD, ambayo si Linux kabisa, ina pkg yake.

Tofauti haiishii kwenye herufi za mwisho wa jina la faili. Karibu kila programu kwenye Linux huegemea maktaba (mkusanyiko wa msimbo unaotumiwa na programu nyingi) iitwayo glibc, na kila mfumo una toleo lake la maktaba hiyo. Programu iliyojengwa juu ya glibc ya zamani kwa kawaida hukubali kwenye glibc mpya, ila iliyojengwa juu ya mpya inaweza kugoma kwenye ya zamani. Ndiyo maana mafundi wanaotoa faili la kutumika kwenye mifumo mingi hujenga kwa makusudi juu ya mfumo uliozeeka kidogo. FreeBSD ina maktaba yake tofauti kabisa, hivyo huko msimbo hurekebishwa inapobidi na kujengwa upya.

Kwenye Debian, ukiandika sudo apt install libreoffice-writer, mfumo huchukua kwenye ghala lake sehemu ya kuandikia tu, na kuleta vitegemezi wenyewe. Debian wameigawa LibreOffice katika makumi ya vifurushi: Calc ya hesabu peke yake, Impress ya mawasilisho peke yake, kila lugha peke yake. Kwa mtu anayenunua data kidogo kidogo, mgawanyo huu ni msaada mkubwa. Kasoro yake ni kwamba toleo la ghalani mara nyingi huwa nyuma ya lile jipya.

Ukishusha kwenye tovuti rasmi, unapata faili lililobanwa la tar.gz lenye folda ya DEBS au RPMS. Kwa DEBS, unaingia ndani yake na kuandika sudo dpkg -i *.deb. Toleo hili hukaa ndani ya /opt, wakati lile la ghalani la Debian hukaa ndani ya /usr/lib, kwa hiyo yote mawili yanaweza kuishi kwenye mashine moja bila kugongana. Mimi hushauri kuondoa la ghalani kwanza, maana mtumiaji akikuta alama mbili zinazofanana kwenye menyu hajui afungue ipi.

Njia ya tatu ni Flatpak, Snap na AppImage, ambapo programu huja na sehemu kubwa ya vitegemezi vyake. Juni 2023 kampuni ya Red Hat walitangaza kuacha kutunza vifurushi vya rpm vya LibreOffice kwa matoleo yajayo ya RHEL, Linux yao ya mashirika, wakaelekeza watu kwenye Flatpak. Kwa wanaofungasha programu ni nafuu, kwani kifurushi kimoja hutumika kwenye mifumo mingi. Gharama humwangukia anayeshusha, hasa mara ya kwanza, kwa kuwa mzigo ni mkubwa zaidi.

Lugha nayo ni kifurushi. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili, na kazi ile naiheshimu hadi leo. Wengi husakinisha LibreOffice, wakaona menyu za Kiingereza, wakadhani Kiswahili hakipo. Kumbe hakikuwekwa tu. Kwenye tovuti rasmi, kifurushi cha lugha hushushwa kando na kina alama sw-TZ. Sakinisha programu kuu kwanza, kisha lugha, badilisha lugha ya menyu kwenye mipangilio, halafu funga LibreOffice na uifungue tena.