Marhamu ya mwarobaini na shea: zuia maji yasiingie

Kiangazi kikishaingia hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kati ya Desemba na Februari, watu huanza kuniuliza dawa ya visigino vilivyopasuka na mikono iliyokaushwa na sabuni. Kazi yangu ni kutengeneza marhamu na kuvifundisha vikundi vya akina mama. Mahitaji yote tunayo: mwarobaini umejaa kwenye nyua zetu, nta inatoka kwa wafuga nyuki, simsim (ufuta) iko sokoni na shea, mti ambao kokwa zake hutoa mafuta mazito ya kupaka, iko porini. Kinachoharibu kazi ya wengi ni maji, na karibu kila ninachofundisha ni namna ya kuyazuia.

Marhamu ni mafuta yaliyogandishwa kwa nta, basi. Bakteria na ukungu huhitaji maji ili kuzaliana, na ndani ya mafuta matupu hawapati nafasi. Ndiyo maana marhamu safi hukaa miezi bila kemikali ya kuhifadhi. Mara nyingi naona mtu akisaga jani bichi la mshubiri na kulikorogea kwenye mafuta ya moto, akiamini ameongeza nguvu. Ute wa shubiri karibu wote ni maji. Haushikani na mafuta, hujitenga, na baada ya siku chache kopo linaota ukungu. Shubiri ni nzuri mno, ila itumie mbichi: kata jani, acha utomvu wa manjano unaowasha utiririke, paka ute, kilichobaki tupa.

Majani ya mwarobaini yachume umande ukishakauka, uyaanike kivulini mahali penye upepo. Jua kali huyafubaza na kuyaondolea harufu. Jani lililo tayari hulia na kuvunjika ukilifikicha. Linalojikunja tu lirudishe kwenye mkeka. Yapondeponde, lakini usifike kwenye unga, maana unga hupenya kitambaa cha kuchujia.

Chukua gramu 50 za majani makavu kwa mililita 250 za mafuta ya simsim. Tia kwenye bakuli la chuma, uliweke juu ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole, kwa saa mbili hadi tatu. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka karibu na nyuzi 96, nayo mafuta hayatapita hapo. Juu ya jiko la mkaa moja kwa moja majani yatakaangika. Bakuli lisifunikwe, kwa sababu mvuke utageuka matone kwenye kifuniko na kudondokea ndani.

Chuja, kamua, kisha mimina kwenye chupa ndefu ya kioo na uache yatulie usiku kucha. Hatua hii wengi huiruka, nami naipenda kuliko zote. Kama majani hayakukauka sawasawa, asubuhi utaona tabaka la maji na tope chini ya mafuta. Mimina taratibu ya juu tu.

Sasa nta. Inaniuma kuona wafuga nyuki wakikamua asali na kutupa masega, wakati nta ni mali. Yeyusha masega ndani ya maji ya moto, chuja kwa gunia safi, acha yapoe. Nta itaganda juu. Ifute na uikaushe siku nzima kabla ya kuitumia. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Kwa gramu 200 za mafuta ya mwarobaini natia gramu 50 za nta, na penye joto kali kama Adjumani naongeza hadi 60. Dondosha kidogo kwenye kijiko baridi: ikiwa laini mno ongeza nta, ikiwa ngumu ongeza mafuta.

Shea, gramu 50, iingie mwisho, moto ukishazimwa. Shea yetu ya upande wa Nile ni laini kuliko ya Afrika Magharibi kwa kuwa ina asidi ya oleiki nyingi zaidi, yaani mafuta ya aina ya majimaji. Ikipoa polepole hufanya chembechembe, kwa hiyo jaza makopo makavu na uyapoze haraka. Mti wake huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na bado watu wanaukata kwa ajili ya mkaa. Mei 2023 Rais Museveni alitoa agizo la kupiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini. Natamani kila kijiji kilisimamie.

Paka baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Hapo maji tunayataka, kwani kazi ya marhamu ni kuyafungia ndani ya ngozi. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku moja. Usipake jeraha lenye kina wala mahali palipoungua, na kitovu cha mtoto mchanga usikiguse kabisa: kitu chenye vijidudu vya udongo kinaweza kumletea pepopunda. Matone ya vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha, lakini hayaui ukungu, kwa hiyo chota kwa kijiko kikavu.

Ukitaka kuuza, andika tarehe na kila kilichomo. Ukidai inatibu ugonjwa, umeshaingia kwenye dawa, na hapo kwanza nenda Mamlaka ya Taifa ya Dawa.