“Subiri saa 48” si jibu

Tovuti imehamishiwa seva mpya. Kwa mwenyewe inafunguka, kwa nusu ya wateja wake haifunguki. Anauliza afanye nini, na kabla hajamaliza swali ameshajibiwa: “Hiyo ni DNS, bado inasambaa. Subiri saa 48.” Jibu hili linapendwa kwa sababu moja tu: saa 48 zinatosha ama tatizo liondoke lenyewe, ama muulizaji achoke.

DNS, mfumo unaotafsiri jina la tovuti kuwa anwani ya seva, haisambai. Ukibadilisha rekodi ya A, yaani mstari unaosema jina lina anwani gani, seva zako za majina (zinazotunza rekodi za tovuti yako) hupata jibu jipya ndani ya sekunde au dakika chache, na hazimpelekei yeyote habari. Zinakaa zikingoja kuulizwa. Wanaouliza ni risolva, yaani seva za mtoa huduma wako wa intaneti, au 8.8.8.8 ya Google, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, ambazo humtafutia mtumiaji jibu kisha hutunza nakala yake. Kila nakala ina TTL, muda wake wa kuishi kwa sekunde, na muda huo umeuandika wewe, au paneli yako imekuandikia bila kukuuliza. 300 ni dakika tano, 3600 ni saa moja, 86400 ni siku nzima. Risolva iliyouliza dakika moja kabla hujabadilisha itashikilia jibu la zamani mpaka TTL iishe. Ambayo haikuwa na nakala itapata jipya papo hapo. Basi.

Kwa hiyo zile ramani za dunia zenye tiki za kijani na alama nyekundu hazikuonyeshi kazi iliyofika asilimia 60. Zinakuonyesha risolva kadhaa zilizochaguliwa na mwenye ramani zimejibu nini sasa hivi. Hata 8.8.8.8 si mashine moja. Ukiiuliza jina lilelile mara tatu mfululizo unaweza kuona TTL iliyobaki ikiwa 212, kisha 3541, kisha 87, kwa sababu umeangukia kashe (ghala la nakala) tofauti. Mtu akiona jibu jipya, halafu la zamani, halafu jipya tena, anadhani kuna uchawi. Hakuna.

Anza kwa kuiuliza seva yenye mamlaka, yaani ile seva yako ya majina, si risolva, kwa amri ya dig kwenye terminali:

dig NS example.com +short
dig @ns1.example.com example.com A

Weka jina halisi la seva yako ya majina kwenye mstari wa pili. Ikiwa jibu lake ni la zamani, hakuna kusubiri kokote kutakakosaidia: umebadilisha rekodi mahali pasipotumika. Na hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Mtu amehariri rekodi kwenye paneli ya hosti (anayemkodishia seva) wakati seva za majina ziko kwa msajili wa kikoa (aliyemuuzia jina la tovuti), au kinyume chake. Anaona rekodi mpya kwenye skrini yake, anaambiwa asubiri siku mbili, anasubiri wiki. Amri moja ya sekunde mbili ingemwambia ukweli.

Ikiwa seva yenye mamlaka inajibu sawasawa, uliza risolva mbili tatu na utazame tarakimu ya TTL katika jibu. Hapo ndipo penye makadirio yako. Ikisema 1140, umebakiwa na dakika kumi na tisa. Google na Cloudflare wana kurasa za kuomba kashe ya risolva zao ifutwe kwa jina fulani, zitumie. Za mtoa huduma wa intaneti huwezi kuzifuta, ila kwa kawaida zitafuata TTL. Nasema kwa kawaida kwa sababu baadhi hujiwekea kima cha chini, hivyo TTL yako ya sekunde 30 huenda wasiitii, na ukiwa nje huoni mipangilio yao. Vitabu huandika kana kwamba kila risolva ni mtiifu.

Kushusha TTL baada ya kubadilisha rekodi hakusaidii kitu. Nakala zilizokwisha kuchukuliwa zina muda wa zamani. TTL hushushwa kabla, na unangoja angalau muda wa TTL ya zamani upite: ikiwa ilikuwa 86400, ishushe hadi 300 leo, hamisha kesho.

Saa 48 zenyewe zina mahali pa kushikia, lakini si kwa rekodi ya A. Seva za .com hutoa rekodi za NS (orodha ya seva za majina) za kikoa chako zikiwa na TTL ya 172800, ambayo ni saa 48 kamili. Ukibadilisha seva za majina, risolva yenye nakala ya zamani inaweza kuendelea kuziuliza zile ulizozihama. Hapa kuna mambo mawili. Kama hosti wa zamani amefuta kikoa chako kwenye seva zake, risolva hiyo hupata REFUSED (imekataliwa) na mtumiaji haoni kitu. Kama hajafuta, inajibiwa kwa data ya zamani, na baadhi ya risolva huhuisha orodha ya NS kutoka kwa haohao wa zamani, hivyo zinaweza kung’ang’ania kupita hata hizo saa 48. Dawa ni kuingia kwenye seva za zamani na kuweka rekodi zilezile mpya, na NS mpya pia. Zote mbili zikijibu sawa, haijalishi ni nani kaulizwa. Wachache mno hufanya hivi, ingawa ni kazi ya dakika kumi.

Kuna kashe nyingine ambayo karibu kila mtu huisahau: ya “hakuna”. Ukijaribu kufungua jipya.example.com kabla hujaliunda, risolva inajibiwa NXDOMAIN, yaani jina halipo, na inalitunza jibu hilo. Muda wake unatoka kwenye rekodi ya SOA, ile ya mipangilio ya kikoa kizima: namba ya mwisho ndani yake, au TTL ya SOA yenyewe, iliyo ndogo kati ya hizo. Ndivyo ilivyoelekezwa kwenye waraka wa viwango RFC 2308 tangu 1998. Ikiwa zote ni 86400, unaweza kujifungia mwenyewe hadi siku nzima kwa pupa ya kujaribu. Unda rekodi kwanza, jaribu baadaye.

Sasa kwenye kompyuta yako. Kufuta kashe ya kivinjari, ushauri wa pili kwa umaarufu, hufuta picha na kurasa. Kashe ya DNS ya mfumo ni nyingine. Kwenye Windows ni ipconfig /flushdns. Kwenye Linux yenye systemd ni resolvectl flush-caches. Kisha ujue kwamba dig na nslookup hazisomi faili ya hosts (orodha ya majina na anwani iliyo kwenye kompyuta yenyewe), ilhali kivinjari kinaisoma. Mstari mmoja ulioachwa humo tangu siku ya majaribio unatosha kukupeleka seva ya zamani milele. Na kivinjari chenye DNS iliyosimbwa hakimuulizi hata risolva wa mfumo wako: kina wake. Ndiyo maana nslookup inaleta jibu moja na kivinjari kinakwenda kwingine, kwenye mashine ileile, dakika ileile.

Lakini hata haya yote yana sharti: tatizo liwe ni DNS. Soma kosa. ERR_NAME_NOT_RESOLVED ni jina. ERR_CONNECTION_REFUSED maana yake jina limetafsiriwa, anwani imefikiwa, na hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo, au ukuta wa moto umekataa waziwazi. ERR_CONNECTION_TIMED_OUT ni pakiti zimepotea kimya. 502 na 504 zinatoka kwa seva iliyo hai inayolalamikia ile iliyo nyuma yake. Kumwambia mwenye 502 kwamba DNS yake inasambaa ni utani mbaya. Hapo fungua kumbukumbu za seva.

Ili kuitoa DNS kwenye hesabu kabisa, tumia curl, amri inayofungua ukurasa bila kivinjari:

curl -v --resolve example.com:443:203.0.113.10 https://example.com/

Weka IP ya seva mpya. Ikifunguka, seva iko sawa na tatizo ni jina. Isipofunguka, achana na rekodi zako, shughulika na seva. Rudia kwa curl -4 na curl -6 (IPv4 na IPv6, aina mbili za anwani za IP) bila --resolve. Watu hubadilisha A na kuisahau AAAA, rekodi ya anwani za IPv6, kisha wenye IPv6 wanaendelea kwenda seva ya zamani. Kivinjari hurudi IPv4 pale IPv6 inaposhindwa kuunganisha. Seva ya zamani ikijibu kwa ukurasa wa makosa, kwake huo ni muunganisho mzuri tu.

Ukurasa ukianza kufunguka kisha ukaganda, hasa kupitia VPN, shuku MTU, ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita njiani. Kwenye Linux, jaribu ping -M do -s 1472 example.com (baiti 1472 na 28 za vichwa ni 1500). Ikikwama na 1400 ikapita, kuna sehemu njiani inayomeza pakiti kubwa bila kusema, mara nyingi kwa sababu mtu amezuia ICMP yote (ujumbe wa hitilafu za mtandao) akidhani anaongeza usalama. Kwenye PPPoE, aina ya muunganisho wa baadhi ya watoa huduma wa intaneti, kikomo ni 1464.

Halafu cheti, kinachothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe na chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Angalia kwanza saa ya kifaa. Vifaa vya zamani visivyopata masasisho vina shida nyingine: tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi (ambacho vyeti vingine hukitegemea) DST Root CA X3 kiliisha muda, na tovuti ambazo hazikuguswa na mtu zikaacha kufunguka kwenye baadhi ya mashine.

Siku hiyohiyo Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilikuwa na balaa lake, na hilo lilikuwa la DNS kwelikweli: waliwasha DNSSEC (sahihi za kidijitali zinazothibitisha majibu ya DNS), wakaingia matatani, wakaondoa rekodi ya DS (inayotangaza kwamba kikoa kina sahihi hizo) huku risolva zikiwa nayo kwenye kashe kwa saa 24. Ni mtego uleule wa anayehamisha seva za majina huku DNSSEC imewashwa. Risolva zinazohakiki sahihi zinatoa SERVFAIL (kosa la seva), zisizohakiki zinafungua, na mwenye tovuti anaambiwa, kama kawaida, asubiri. Jaribu dig @8.8.8.8 example.com, kisha uongeze +cd (jibu bila uhakiki). Ya kwanza ikishindwa na ya pili ikajibu, ni DNSSEC. Ondoa DS kwa msajili sasa hivi, kisha ngoja TTL ya DS iishe. Hapo ndipo kusubiri kuna maana. Safari nyingine ondoa DS kwanza, ngoja TTL yake ipite, hamisha seva za majina, weka DS mpya mwisho, na usizime seva ya zamani mpaka kumbukumbu zake zionyeshe hakuna anayeigonga isipokuwa roboti.