Wazo halipewi hataza, hata liwe zuri namna gani

Kijana mmoja wa Newala alikaa mbele ya meza yangu hapa Mtwara, daftari amelikumbatia kifuani. "Wakili, nisajilie kwanza, ndipo nikufungulie." Baadaye akalifungua: wakulima wa korosho wapate bei ya mnada kwenye simu, wachague wenyewe wa kumuuzia. Wazo zuri kabisa. Hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako, halipati, na inaniuma kwamba kuna mtu alishamlia pesa zake za msimu kwa kumwahidi kuwa litapata.

Nasikia hili karibu kila wiki. Sheria ya Hataza, Sura ya 217, inalinda uvumbuzi: kitu kipya, chenye hatua ya uvumbuzi, kinachoweza kutumika viwandani. Nadharia za sayansi na hisabati, taratibu za kufanya biashara, kanuni za michezo na kazi za kichwani tu zimetajwa humo kuwa si uvumbuzi. Wala usiniambie "lakini yangu ni aplikesheni". Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ilizitupa hataza za wazo la mtu wa kati anayehakikisha pande mbili zinalipana, ingawa kazi yote ilifanywa na kompyuta.

Sasa mtazame mama wa Masasi aliyeniletea kibanguzi chake. Visu viwili vya springi ya gari, vimepindwa kufuata mgongo wa korosho, na kipande cha chuma kinachovizuia visiguse punje. Kubangua bila kuvunja punje ni wazo, kila mbanguaji analo. Mpindo ule na kizuizi kile ndivyo tunavyoviandikia maombi, na mkaguzi ndiye atakayesema kama ni vipya.

Wengine hudhani kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kumelinda wazo. Kumesajili jina, basi. Wala hataza ya Tanzania haivuki Ruvuma. Ukiitaka na Msumbiji, pitia ARIPO, shirika la kikanda la Afrika la miliki bunifu, uitaje nchi hiyo kwenye maombi. Kujitumia barua ya posta yenye mhuri hakukupi hataza popote.

Kabla hujaja kwangu, chora. Onyesha kila sehemu, inashikana na ipi, inasogea vipi. Na kama unataka kupeleka mashine Nanenane pale Ngongo, tuwasilishe maombi kwanza, ndipo uipakie kwenye gari, maana ikishaonwa na watu inaweza kuhesabiwa si kitu kipya tena.