Taka za ufukweni si za wavuvi peke yao

Vijana wakiokota chupa ufukweni Mwanza, hakosi mtu wa kuwaambia: "Kawaelimisheni wavuvi, wao ndio wachafuzi." Wavuvi wana lao, nyavu chakavu za nailoni tunaziona. Lakini nenda kautazame Mto Mirongo mvua kubwa ikishanyesha: chupa za soda, nepi, ndala moja moja (ya pili sijui hubaki wapi), vyote vinapita Mabatini na kukatiza mjini hadi ziwani. Mji wetu ni miamba na miteremko. Kinachotupwa mtaroni huko juu hakikai. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 haikugusa chupa. Kwa hiyo vijana wanaopiga hodi nyumba za mlimani kuwaomba watu wasitupe taka mtaroni, kwangu mimi, wanalisaidia ziwa kuliko wanaopiga picha na fagio mwaloni.